Kuwaomba watakatifu walio mbinguni watuombee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakristo wanabishania nini hasa?

Maswali manne yaliyofungwa furushi moja. Mabishano mengi huharibika kwa sababu mmoja anajibu la pili huku mwenzake ameuliza la nne, kwa hiyo tuyafungue kwanza.

La kwanza: waliokufa katika Kristo wako hai na wana fahamu sasa hivi, kabla ya ufufuo? La pili: kama wana fahamu, wanatuombea? La tatu: wanajua tunachowaambia? La nne: hata kama wanajua, Mungu ametaka tuwaambie?

Mkatoliki na Mwothodoksi wanajibu ndiyo kwa yote manne. Mwadventista Msabato anakataa tangu la kwanza, maana anaamini wafu wamelala bila fahamu hadi ufufuo (akitoa wachache kama Henoko, Musa na Eliya). Mlutheri anayeshika maungamo ya kanisa lake yuko katikati: watakatifu wako hai na Kristo, na huenda wanaliombea Kanisa kwa ujumla, ila hakuna ahadi kwamba wanatusikia wala amri ya kuwaita.

Ndiyo maana ukimthibitishia Mlutheri kwamba watakatifu mbinguni wanasali, umempa alichokwisha kukubali. Na ukimfungulia Msabato Ufunuo 5 kabla ya kuzungumza naye juu ya hali ya wafu, mnapoteza muda wote wawili.

Makanisa gani yanafanya hivyo, na yapi yanakataa?

Wanaofanya ni Wakatoliki, Waorthodoksi, Wakopti, Waethiopia, Waarmenia na Kanisa la Ashuru la Mashariki. Wanaokataa ni Walutheri, Wakalvini na Wapresbiteri, Wabaptisti, Wamethodisti, Wapentekoste na Wasabato.

Waanglikana wamegawanyika ndani kwa ndani. Ibara ya 22 kati ya zile 39 za imani yao, za mwaka 1571, inayakataa mafundisho ya Roma juu ya kuwaita watakatifu, ikisema hayana msingi katika Maandiko. Lakini mwaka 1841 John Henry Newman, akiwa bado Mwanglikana, alidai kwamba ibara hiyo inagusa matumizi mabaya tu na si kila ombi kwa mtakatifu. Wengi walimpinga vikali, na mwaka 1845 mwenyewe akahamia Kanisa Katoliki. Hata hivyo, parokia za Kianglikana zenye mwelekeo wa Kikatoliki zinasali Salamu Maria mpaka leo.

1 Timotheo 2:5 inasema mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu. Si ubishi umekwisha hapo?

Haujaisha, ingawa aya hii ndiyo inayotajwa kuliko zote. Isome kuanzia mstari wa kwanza. Paulo anaanza kwa kuagiza dua, sala na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote, ndipo anafika kwenye mpatanishi mmoja. Kama kumwombea mtu kungekuwa kuingilia nafasi ya Kristo, Paulo angekuwa amevunja mstari wa 5 alipoandika mstari wa 1. Hakuna Mprotestanti anayekataa kuombewa na mchungaji wake, na hilo ndilo Wakatoliki wanaloling'ang'ania: mwombezi si mshindani wa Mpatanishi.

Upande wa pili una jibu zito zaidi ya wengi wanavyodhani. Ndugu aliye hai ananisikia kwa masikio yake, na Yakobo 5:16 inaniagiza tuombeane. Aliye mbinguni simwoni, sina amri ya kumwita, na nikimwita nafanya tendo ambalo kwa umbo lake lote ni sala: nafumba macho, napiga magoti, namweleza haja ya moyo asiyeonekana. Katika Biblia sala ya namna hiyo huelekezwa kwa Mungu. Kwa hiyo Mprotestanti aliyejiandaa hasemi kwamba kila mwombezi anampora Kristo. Anachosema ni kwamba kumwita asiyeonekana ni ibada, na ibada haibuniwi.

Kuna jambo la kihistoria linalosahaulika. Katika karne ya 16 hoja haikuwa maombi peke yake, ilikuwa na mastahili pia. Watu walifundishwa kuegemea wema uliozidi wa watakatifu, na Kristo akachorwa kama hakimu mkali wa kuogopwa, anayehitaji kulainishwa na mama yake. Martin Luther mwenyewe, aliponaswa na radi karibu na Stotternheim mwaka 1505, alimlilia Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Mageuzi ya Kiprotestanti yalipokuja, yalipigana kwanza na hofu hiyo. Mkatoliki wa leo anayesema "sisi tunaomba watuombee tu" anasema kweli kuhusu fundisho la kanisa lake, ila asishangae mwenzake akikumbuka hali ilivyokuwa.

Mtaguso wa Trento ulisema nini hasa?

Mtaguso huo, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kikao chake cha 25, Desemba 1563, ulifundisha kwamba watakatifu wanaotawala pamoja na Kristo wanamtolea Mungu sala kwa ajili ya wanadamu, na kwamba ni vema na kuna manufaa kuwasihi kwa unyenyekevu ili kupata fadhili za Mungu kwa njia ya Mwanawe, aliye peke yake mkombozi na mwokozi wetu. Soma tena: "vema" na "manufaa". Mtaguso haukusema ni lazima kwa wokovu. Hati hiyohiyo iliagiza ushirikina wote na tamaa ya fedha viondolewe katika kuwaomba watakatifu na kuheshimu masalia yao (mabaki ya miili yao na vitu vyao).

Kwa hiyo Mkatoliki anaweza kuishi bila kumwomba mtakatifu yeyote?

Katika sala zake binafsi, ndiyo, hatendi dhambi. Asichoweza ni kufundisha kwamba jambo hilo ni ovu. Wala hawezi kulikwepa kabisa kanisani, kwa kuwa hata lile ungamo la "Nakuungamia Mungu Mwenyezi" linamwomba Maria, malaika na watakatifu wote, pamoja na ndugu waliopo, wamwombee anayetubu.

Na Walutheri waliandika nini?

Ungamo la Augsburg (tamko lao la imani) la mwaka 1530, ibara ya 21, linakubali watakatifu wakumbukwe ili tufuate imani na matendo yao mema. Linachokataa ni kuwaita au kutafuta msaada kwao, kwa kuwa Maandiko hayafundishi hivyo. Philipp Melanchthon, mwenzake Luther, alilitetea ungamo hilo mwaka 1531, akataja heshima tatu wanazostahili watakatifu: kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kuimarishwa imani yetu kwa mfano wao, na kuwaiga. Akakubali pia kwamba malaika wanatuombea. Hoja yake kuu ni hii: sala hutoka katika imani, imani husimama juu ya neno la Mungu, na hakuna neno la Mungu linaloahidi kwamba watakatifu watasikia wakiitwa. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja kali kuliko zote za Kiprotestanti, na ajabu ni kwamba katika mabishano ya kawaida haitajwi kabisa.

Wakalvini walikwenda mbali zaidi. Ungamo la Westminster (sura ya 21) linasema ibada ni ya Mungu peke yake, haipewi malaika wala watakatifu, na Mungu aabudiwe kwa njia aliyoiagiza mwenyewe. Kwa kanuni hiyo, ukimya wa Biblia tayari ni katazo. Kwa Mkatoliki, ukimya peke yake haukatazi. Pengo hilo ni kubwa kuliko suala la watakatifu, na msipolitambua mtarudia aya zilezile hadi usiku.

Watakatifu wamekufa. Wafu wanasikiaje?

Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote, na kwa Wasabato hiyo ni nguzo. Wengine wanaisoma kama maneno ya mtu anayetazama maisha "chini ya jua", asiyezungumzia hali ya waliomo katika Kristo. Wanaiweka kando ya Mathayo 22:32 (Mungu si wa wafu bali wa walio hai), Wafilipi 1:23, mlima ambapo Musa na Eliya walizungumza na Yesu, na Ufunuo 6:9-11, ambapo roho za waliochinjwa zinamlilia Mungu na kuambiwa zingoje kidogo.

Angalia kipimo cha aya hiyo ya mwisho. Inaonyesha kwamba mashahidi (waliouawa kwa ajili ya imani) wana fahamu, wanasali, na wanajua damu yao haijalipizwa kisasi duniani. Haionyeshi kwamba kuna mtu duniani aliyewaita.

Si kuita wafu huku, jambo lililokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 18?

Kilichokatazwa pale (mistari ya 10 na 11) ni uganga: kumwendea mwenye pepo wa utambuzi au kutaka habari kwa wafu, kama Sauli alivyofanya Endori katika 1 Samweli 28. Kanisa Katoliki nalo linakataza hayo waziwazi katika Katekisimu yake, namba 2116. Ukitaka kujua uko upande gani, jiulize unasubiri nini. Ukisubiri sauti, ndoto ya kuagizwa au siri ya kesho, umeingia uganga hata kama umewasha mshumaa mbele ya picha takatifu. Ukiomba mtu akuombee kwa Mungu kisha ukaenda zako, hujatafuta habari yoyote kwa mfu. Mprotestanti anaweza kukubali tofauti hiyo na bado akakataa ombi lenyewe kwa sababu nyingine.

Aya zinazotumiwa zaidi zinathibitisha kiasi gani?

Ufunuo 5:8: wazee 24 wanashika vitasa (bakuli) vya dhahabu vyenye manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Katika Agano Jipya "watakatifu" mara nyingi ni waamini wote, hivyo huenda ni sala za watu wa duniani zikiwa mikononi mwa walio mbinguni. Mkatoliki anasema: basi wanazijua. Mprotestanti anajibu kwamba hatuambiwi sala hizo zilielekezwa kwa wazee. Wote wawili wako sawa kwa kile walichokisema.

Waebrania 12:1: wingu kubwa la mashahidi. Hao ni mashujaa wa imani wa sura ya 11. Kwamba wanatutazama kama umati uwanjani ni tafsiri inayowezekana, ila neno "mashahidi" linaweza pia kumaanisha walioishuhudia imani kwa maisha yao. Usijenge fundisho zima juu yake.

Luka 16:19-31: tajiri akiwa kuzimu anamsihi Ibrahimu. Hoja mbaya kwa pande zote. Anayeomba si mtu wa duniani, ombi linakataliwa, na hadithi inafundisha jambo lingine.

Ufunuo 22:8-9: malaika anamkataza Yohana asimsujudie. Aya hii inakataza ibada kwa malaika, jambo ambalo hakuna kanisa linalolitetea. Haisemi lolote juu ya kumwomba mtu akuombee.

Isaya 63:16: Ibrahimu hatujui, Israeli hatukiri. Waprotestanti huitaja kuonyesha kwamba wazee wa kale hawajui mambo yetu. Wengine wanaisoma kama kilio cha watu waliojiona wamekataliwa hata na mababu zao.

2 Wamakabayo 15:12-16: Onia, kuhani mkuu aliyekwisha kufa, na nabii Yeremia wanaonekana katika maono wakiwaombea watu, na Yeremia anampa Yuda upanga wa dhahabu. Hapa ndipo pana ushahidi ulio wazi zaidi kwamba waliokufa wanawaombea walio hai, lakini kitabu hiki hakimo katika Biblia ya Waprotestanti. Hata hapo, Yuda hakumwita Yeremia.

Kwa ufupi, Maandiko yanabeba swali la kwanza na la pili vizuri, la tatu kwa kiasi, na kwa la nne hakuna mfano wala katazo la moja kwa moja. Hapo ndipo mapokeo yanapoamua, au yanapokataliwa kuamua.

Desturi hii ilianza lini?

Taarifa ya kifodini (kifo cha kishahidi) cha askofu Polikarpo, ya karne ya 2, inasema Wakristo wanamwabudu Kristo lakini mashahidi wanawapenda kama wanafunzi wa Bwana, na inataja kuadhimisha siku ya kufa kwao. Kuombwa hakutajwi. Katika karne ya 3, mwanateolojia Origene alifundisha kwamba malaika na roho za watakatifu waliolala husali pamoja na wanaosali. Katika katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) ya Mtakatifu Sebastiano, kwenye njia ya Appia huko Roma, kuna maandishi yaliyokwaruzwa ukutani, pia ya karne ya 3, yakiwasihi Paulo na Petro wamwombee mtu aitwaye Victor. Hayo yanagusa swali la nne moja kwa moja.

Sala ya "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu" imo katika papiro (karatasi ya kale ya mafunjo) iliyoko maktaba ya John Rylands, Manchester. Tahadhari: huelezwa mara nyingi kuwa ya karne ya 3, lakini wataalamu wengine wanaiweka karne kadhaa baadaye. Ukitaka ushahidi wa kale, tegemea ukuta wa katakombe kuliko papiro hiyo.

Kufikia karne ya 4 na ya 5 desturi ilikuwa imeenea, na upinzani ulikuwepo pia: padre Vigilantius alilaumu heshima iliyotolewa kwa masalia na kusema waliokufa hawatuombei, na mnamo 406 Jeromu, mtaalamu wa Biblia, akamjibu kwa ukali mwingi. Kwamba makanisa yaliyotengana baada ya mitaguso ya Efeso (431) na Kalkedoni (451) yote yanayo desturi hii ni dalili kwamba haikubuniwa Roma katika zama za kati. Mprotestanti atajibu kwamba kosa nalo laweza kuwa la kale, na kimantiki hakosei.

Watasikiaje maelfu ya watu kwa wakati mmoja? Si wamekuwa kama Mungu?

Jibu la Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ni kwamba watakatifu hawajui lolote kwa uwezo wao. Wanamwona Mungu, na ndani yake wanaonyeshwa yanayowahusu, pamoja na maombi wanayopewa. Kujua maelfu ya mambo kwa kupewa si kujua yote. Anayekataa ataona ni mzunguko: Mungu anamjulisha mtakatifu haja yangu ili amwombe Mungu yuleyule. Mkatoliki atajibu kwamba kila maombezi ni mzunguko wa namna hiyo, hata yale ya jirani, maana Mungu alijua haja kabla ya jirani kufungua kinywa.

Kwa nini nisiende kwa Mungu moja kwa moja?

Nenda. Hakuna kanisa linalokuzuia, na sala kuu za liturujia karibu zote zinaelekezwa kwa Baba kwa njia ya Kristo. Anayefundisha kwamba Mungu yuko mbali mno hadi upitie kwa mtakatifu amekosea kwa kipimo cha kanisa lolote, likiwemo lake.

"Wanamwabudu Maria." Kweli?

Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitofautisha ibada ya kweli, iliyo ya Mungu tu, na heshima inayotolewa kwa picha na watakatifu. Wanateolojia huziita latria na dulia. Misa haitolewi kwa mtakatifu yeyote, hutolewa kwa Mungu kwa kumkumbuka mtakatifu.

Kinachowakwaza wageni ni maneno kama "Mzazi-Mungu (yaani Maria) mtakatifu kabisa, utuokoe" ya Waorthodoksi. Ndani ya liturujia ileile wanaimba: kwa maombi ya Mzazi-Mungu, ee Mwokozi, utuokoe. La pili ndilo linalofafanua la kwanza. Ila ni haki kusema kwamba mwamini asiyefundishwa hupokea sentensi ilivyo, na hilo si kosa la anayeuliza.

Sala hizi zimejengwaje?

Chukua Litania ya Watakatifu. Inaanza kwa "Bwana, utuhurumie". Kisha majina yanatajwa kwa makundi, Maria, malaika, manabii, mitume, mashahidi, na kila jina hujibiwa "utuombee". Halafu litania inamgeukia Kristo, na jibu linabadilika: "utuopoe, ee Bwana", kisha "twakuomba utusikie". Hakuna mtakatifu anayeambiwa "utuhurumie". Sikiliza mwitikio tu na utajua anayesemeshwa ni nani.

Salamu Maria ina vipande viwili. Cha kwanza ni salamu ya malaika na ya Elisabeti, Luka 1:28 na 1:42, na hakina ombi. Cha pili, "utuombee sisi wakosefu", ndicho chenye ombi, na kilipata umbo lake rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pius V mwaka 1568. Mprotestanti anayetaka kujua ni wapi hasa hawezi kuitikia, ni hapo.

Wapi mambo huharibika kwa wanaofanya?

Pale sala inapogeuzwa dawa. Novena ni siku 9 za sala mfululizo, kwa mfano wa mitume waliodumu katika kusali kati ya Kupaa na Pentekoste. Ikiandikwa "haijawahi kushindwa", au "tuma kwa watu kadhaa, la sivyo utapoteza baraka", hiyo si novena tena. Katekisimu, namba 2111, inaita ushirikina hali ya kutegemea maneno au ishara za nje bila moyo unaotakiwa. Kufukia sanamu ya Mtakatifu Yosefu kichwa chini ili nyumba iuzike kunaangukia hapo, na vilevile kuigeuza sanamu ielekee ukutani mpaka ombi lijibiwe.

Muujiza unahusianaje na kumtangaza mtakatifu?

Katika Kanisa Katoliki, asiye shahidi kwa kawaida huhitaji muujiza mmoja ili awe mwenyeheri (hatua kabla ya utakatifu) na mwingine baada ya hapo ili awe mtakatifu. Shahidi anasamehewa ule wa kwanza. Uponyaji unapochunguzwa, madaktari huangalia kama ulikuwa wa haraka, kamili, wa kudumu na usio na maelezo ya kisayansi. Kisha huulizwa aliyeombwa ni nani. Familia ikiwa iliwaomba watano kwa pamoja, kesi inakwama, kwa kuwa uponyaji hauwezi kuhesabiwa kwa mmoja wao. Papa anaweza kutoa ruhusa ya pekee, kama ilivyokuwa kwa Yohane XXIII aliyetangazwa mwaka 2014 bila muujiza wa pili.

Naweza kumwomba marehemu mama yangu aniombee?

Kwa Mkatoliki, faraghani, ndiyo. Hadharani hapana: kanuni ya 1187 ya sheria za Kanisa inaruhusu heshima ya hadhara kwa watakatifu na wenyeheri waliotangazwa tu. Na usiache kumwombea yeye, maana hujui kama amekwisha kufika mbinguni. Wengi husahau sehemu hiyo ya pili. Mlutheri atamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake na kuishia hapo.

Nyumbani mmoja ni Mkatoliki, mwingine Mpentekoste. Tusalije pamoja?

Chagueni sala zinazoelekezwa kwa Mungu: Zaburi, Baba Yetu, sala za shukrani. Mkitaka kumkumbuka mtakatifu, tumieni muundo wa "Ee Mungu, uliyempa fulani imani hii, utujalie sisi pia". Hata Ungamo la Augsburg halipingi kumkumbuka hivyo. Ombi la "utuombee" liachwe kwa sala binafsi ya anayeliamini, au lisemwe huku mwingine amekaa kimya bila kulazimishwa kuitikia. Rozari ya pamoja ndiyo huzua ugomvi mara nyingi, kwa kuwa lile ombi linarudiwa mara 50 na zaidi. Kama ni lazima msali wote, someni kifungu cha Injili cha kila fumbo kwa sauti na kukitafakari pamoja, Salamu Maria zisaliwe na mmoja baadaye. Watoto wakiuliza kwa nini mama anasema na baba hasemi, waelezwe lile swali la nne lilivyo, kila mzazi kwa maneno yake, bila kumwita mwenzake mwabudu sanamu wala mzushi.